Mgongo Uliosimama na Mgongo Uliolala

Mgongo wa mwanadamu hauna umbo moja. Una umbo lake la alfajiri mtu anapoamka, na umbo lake la magharibi baada ya kutwa nzima ya kusimama na kuketi. Una umbo la mtu aliyelala chali, la aliyelala kifudifudi, na la aliyelala kiubavu. Tena una umbo la mtu aliye macho na umbo la mtu aliyezamishwa katika usingizi wa nusukaputi. Kwa watu walio wengi tofauti hizi ni ndogo. Anayetaka kuziona na achukue utepe, ajipime kimo mara atokapo kitandani, kisha ajipime tena jioni. Atajikuta amepungua kwa kadiri ya sentimita moja, wala hakuna aliyemwibia. Visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji usiku na kuvimba; mchana uzito wa mwili huyakamua maji hayo. Wasafiri wa anga za juu, ambao mgongo wao haulemewi na uzito, wamepata kurefuka hata kwa sentimita tano, kisha wakarudi ardhini wakawa kama walivyokuwa.

Lakini wako vijana ambao kwao jambo hili si mchezo wa utepe. Uti wa mgongo wao hupinda upande katika miaka ya kubalehe, na kiasi cha kupinda huko ndicho kiamuacho kama kijana ataachwa akue huku akiangaliwa tu, au atavikwa vazi gumu la kuuzuia mgongo, au atapasuliwa. Ikiwa kiasi chenyewe hubadilika kwa kulala na kwa kusimama, ni kiasi kipi kiaminiwe? Swali hilo liliingia nyumbani kwetu nilipokuwa na umri wa miaka 14, likakaa nasi zaidi ya mwaka kama mgeni asiyeaga.

Ugonjwa wenyewe huitwa skoliosisi. Mgongo wenye afya ukitazamwa kwa nyuma huwa mstari mmoja ulionyooka. Ukitazamwa kwa ubavu huwa na mabonde na vilima vyake vya asili: umebonyea shingoni, umetuna kifuani, umebonyea tena kiunoni. Mgongo wenye skoliosisi ukitazamwa kwa nyuma hufanana na herufi C au herufi S. Tena haukupinda tu, bali umejisokota kama kamba, na pingili zinapojisokota huzivuta mbavu pamoja nazo, hata mbavu za upande mmoja zikatokeza nyuma mfano wa nundu ndogo. Mwaka 1865 mpasuaji wa London aitwaye William Adams alieleza njia rahisi ya kuiona nundu hiyo: mtoto ainame mbele, magoti yamenyooka na mikono ikining'inia, na mtazamaji asimame nyuma yake. Njia hiyo yatumika hata leo. Haitaki chombo wala umeme.

Kipimo cha mpindo chatoka kwa daktari wa Marekani, John Cobb, aliyekieleza mwaka 1948. Katika picha ya eksirei daktari hutafuta pingili iliyoinama kupita zote upande wa juu wa mpindo, na iliyoinama kupita zote upande wa chini. Hupiga mstari kufuata uso wa kila moja, kisha akapima pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili. Mwanafunzi ajuaye kutumia kipimapembe aweza kuifanya kazi hiyo. Pembe ikifika digrii 10 ndipo jina la skoliosisi hutumika. Kijana ambaye bado anakua, na pembe yake ni kati ya digrii 25 na 40 hivi, aghalabu huvikwa vazi la plastiki ngumu kwa saa nyingi za kila siku. Pembe ipitayo digrii 45 au 50 huleta shauri la upasuaji. Katika kila vijana 100, wawili au watatu wana mpindo unaofika digrii 10, na walio wengi kati yao hawahitaji tiba ila kuangaliwa. Mipindo mikubwa huwapata wasichana mara nyingi zaidi kuliko wavulana.

Aliyeuona mgongo wangu kwanza hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa cherehani mjini Voi, aliyekuwa akinishonea sare ya Kidato cha Kwanza mwezi wa Januari mwaka 2004. Aliipima sketi mara mbili, akaigeuza, akaipima mara ya tatu, kwa kuwa pindo lake lilikaa juu upande mmoja na chini upande wa pili, ilhali kitambaa kilikatwa sawa. Kisha akamwambia mama yangu kwa sauti ya chini, "Mama, kitambaa changu hakina kosa. Mtazame mtoto kiunoni."

Mama akanitazama. Bega la kulia lilikuwa juu ya la kushoto, kombe lake limetokeza, na kiuno kimebonyea upande mmoja zaidi ya upande wa pili. Yote hayo yalikuwapo kwa muda, bali ni nani humtazama mgongo binti wa miaka 14, ambaye amekwisha kuanza kufunga mlango kwa komeo akienda kuoga?

Nyumbani nyanya yangu alikuwa na shauri lake. Usiku alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, akapitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, kama mtu anayefuata mshono. Akamwambia baba, "Mwanangu, mbona akilala ananyooka? Mfupa uliopinda haunyooki kwa kulala. Huyu amezoea kubeba dumu la maji kwa mkono mmoja, na darasani anaketi kama mgonjwa. Mwambieni aketi wima." Tangu siku hiyo neno hilo likawa salamu yangu. Niliambiwa niketi wima mezani, nikaambiwa kanisani, na shuleni mwalimu mmoja alinihamishia dawati la mbele apate kuniona nikijikunja. Niliketi wima. Misuli iliuma, na bega likabaki palepale.

Yapasa nimtendee haki nyanya, kwa maana hakusema upuuzi. Iko mipindo ambayo si ugonjwa wa mgongo wenyewe. Mtu mwenye mguu mmoja mfupi hupinda mgongo akisimama, ili kichwa chake kikae katikati. Akiketi au akilala mpindo wote hutoweka. Mwenye maumivu makali ya upande mmoja naye huweza kupinda, na maumivu yakiisha akanyooka. Migongo ya namna hiyo haikujisokota, na wenyewe wakiinama mbele hakuna nundu itokayo. Nyanya alikuwa akisema habari za migongo hiyo. Wangu ulikuwa wa namna nyingine: ulipungua nilipolala, lakini haukutoweka, na nilipoinama nundu ilikuwapo. Kuhusu dumu la maji, ugonjwa huu ninaoueleza hauletwi na mzigo, wala mkoba wa vitabu, wala mkao. Sababu yake hasa haijajulikana. Nasaba ina sehemu yake, kwani huonekana zaidi katika jamaa za wale walionao. Mtoto mwenye skoliosisi anayekemewa aketi wima anatakiwa afanye kwa bidii jambo ambalo bidii haina uwezo nalo.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, ambayo sitaitaja jina, ilinipiga picha nimelala chali juu ya meza. Pembe ilikuwa digrii 38. Baba alishukuru, maana aliambiwa kuwa kiasi hicho hakijafikia kisu. Hata hivyo tulipewa barua ya kwenda Nairobi, na wiki tatu baadaye, katika hospitali nyingine, nikaambiwa nivue viatu, nisimame mbele ya ubao, nitazame mbele na nisijishike mahali. Pembe ya picha hiyo ilikuwa digrii 47.

Baba yangu alikuwa karani, mtu wa hesabu. Alitoa kalamu mfukoni akaandika nyuma ya risiti ya basi: digrii 9 kwa wiki 3, yaani digrii 3 kwa kila wiki. Kwa hesabu hiyo, kabla ya mwaka kwisha ningekaribia digrii 180, jambo ambalo mifupa ya kifua haiwezi; lakini hofu haijui jometri. Nilimwona akiikunja risiti ile na kuikunjua mara nyingi. Alikuwa akifikiri ni ng'ombe wangapi wauzwe, na wauzwe upesi kiasi gani.

Daktari alipotuita ndani, baba alimwekea hesabu yake mezani. Daktari hakucheka, jambo ambalo namshukuru hata leo. Alisema, "Mzee, ugonjwa haukukimbia. Picha ile mtoto alilala, na hii amesimama. Mgongo ni uleule." Kisha akachukua rula yangu ya plastiki, akaisimamisha juu ya meza, akaikandamiza kidogo kwa kidole upande wa juu. Rula ikatuna kiubavu. Akazidisha nguvu kidogo tu, nayo ikatuna zaidi ya ile nguvu aliyoizidisha. Akaondoa kidole, ikarudi.

Jambo lote la kusimama na kulala limo katika rula ile. Kichwa, mikono na kiwiliwili ni mzigo unaokaa juu ya uti wa mgongo. Uti ulionyooka huupokea mzigo huo wima, pingili juu ya pingili. Uti uliopinda huupokea kando, na kadiri unavyozidi kupinda, ndivyo mzigo unavyopata mkono mrefu zaidi wa kuupinda. Mtu akilala, mzigo hauko juu tena, umegawanyika godoroni. Ndipo mpindo hupungua, kwa vijana walio wengi karibu digrii 10 au pungufu kidogo. Mimi nilipungua digrii 9, basi nilikuwa mgonjwa wa kawaida kabisa. Yapo na mambo mengine madogo ya kuangaliwa. Wapimaji wawili wa picha moja huweza kutofautiana kwa digrii 3 hadi 5, na picha ya asubuhi na ya alasiri huweza kutofautiana kwa kadiri hiyohiyo. Kwa sababu hiyo madaktari hawasemi kwamba mpindo umeongezeka mpaka ongezeko lipite digrii 5, tena katika picha zilizopigwa kwa namna moja.

Mwenye kupenda kubisha atauliza: mbona wasichague picha ya kulala, ambayo ni ya utulivu zaidi? Jibu ni kwamba mpaka wa kuvika vazi na mpaka wa kupasua viliwekwa kwa kuwafuata vijana waliopimwa wamesimama. Anayechukua digrii za kulala akaziweka kwenye mipaka ya kusimama ni kama mchuuzi apimaye nafaka kwa kibaba cha jirani. Tena binadamu haishi amelala. Hata mashine zile kubwa za sumaku, zionyeshazo nyama na mishipa ya fahamu ndani ya mgongo, kwa kawaida humchukua mtu amelala chali, na digrii zinazosomwa humo hupungukiwa vivyo hivyo.

Niliangaliwa kwa miezi tisa. Mwezi wa Novemba mwaka 2004 nikasimama tena mbele ya ubao uleule, na pembe ikawa digrii 53. Sasa hapakuwa na shaka. Kusimama kwa kusimama, mpindo ulikuwa umeongezeka digrii 6, nami nilikuwa bado nakua. Baba hakuandika kitu. Aliuza ng'ombe wawili, na kanisa likafanya harambee. Ikaamuliwa nipasuliwe katika likizo ya Aprili mwaka 2005.

Watu wamejaribu kuunyoosha mgongo kwa kuubadilisha mkao tangu zamani sana. Katika maandishi ya Wayunani yanayonasibishwa na Hippocrates mgonjwa hufungwa kwenye ngazi, na ngazi ikatikiswa ili uzito wa mwili wake uunyooshe. Lewis Sayre wa New York, katika kitabu alichokitoa mwaka 1877, alieleza jinsi alivyowaning'iniza wagonjwa wima kwa kamba za kichwani na kwapani, akawafunga plasta wangali wananing'inia. Wote hao waliona alichokiona nyanya yangu juu ya mkeka: mgongo hukubali kidogo uondolewapo uzito. Walichokosa ni njia ya kuushika hapo ulipokubali. Chuma cha kwanza kilichofanya kazi hiyo kwa kutegemewa kilielezwa na Paul Harrington wa Houston mwaka 1962, baada ya kuwatibu watoto wengi waliopindwa mgongo na polio. Vyuma vya leo ni vya namna nyingine, navyo hushikwa kwa skrubu katika pingili nyingi.

Kabla ya upasuaji daktari alitaka kujua sehemu gani ya mpindo ni laini na sehemu gani imekwisha kuwa ngumu. Nililazwa chali nikaambiwa nijipinde kwa nguvu zangu zote upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, na kila mara picha ikapigwa. Kwa kujipinda kinyume cha mpindo nilishuka hadi digrii 30. Kipimo hicho kina udhaifu mmoja, nao ni kwamba hutegemea ushujaa wa mgonjwa. Mwenye maumivu au woga hujipinda nusu, na mgongo wake ukadhaniwa kuwa mgumu kuliko ulivyo. Huko Hong Kong, katika miaka ya 1990, madaktari walianza kumlaza mgonjwa kiubavu juu ya gogo lililofunikwa sponji, upande uliotuna ukiwa juu ya gogo, ili uzito wa mwili ufanye kazi bila kumwomba mgonjwa ruhusa. Na kwa mipindo mikubwa iliyokakamaa, madaktari wengine hungoja mpaka mgonjwa amelala kwa nusukaputi, wakamvuta kichwani na miguuni taratibu, wakapiga picha.

Hapa ndipo nusukaputi iingiapo katika habari hii. Tangu mwaka 1846, William Morton alipoonyesha kazi ya etha mjini Boston, watu wameifikiria dawa hiyo kuwa ni ya kuondoa maumivu. Kwa mgongo uliopinda ina kazi ya pili. Hata mtu aliyejinyoosha kitandani akiwa macho, misuli ya mgongo wake haikupumzika yote. Baadhi hubaki imekaza kidogo, kama kamba za hema ambazo hazijalegezwa. Usingizi wa nusukaputi huzilegeza, na dawa nyingine ya kulegeza misuli, ambayo huchomwa pamoja nayo, huzilegeza kabisa. Mpindo hupungua tena. Kinachobaki baada ya hapo ni kile kinachoshikwa na kano, na visahani, na mbavu, na umbo la pingili zenyewe. Hicho hakijali umelala wala umesimama, wala kama unaota.

Tena mgonjwa wa upasuaji wa aina hii hulazwa kifudifudi, naye halazwi juu ya godoro tupu. Mwaka 1967 huko Toronto, Relton na Hall walieleza kiunzi chenye mito minne, miwili kifuani na miwili nyongani, tumbo likaachwa lining'inie bila kuguswa. Sababu yake ni ya damu. Tumbo likibanwa, damu husukumwa katika mishipa iliyo kando ya uti wa mgongo, na palipokatwa pakavuja sana. Hata mapaja yana neno lake. Yakikunjwa mgonjwa amelala hivyo, bonde la kiunoni hupungua. Na mgongo ukifungwa kwa vyuma katika hali hiyo, mgonjwa huamka na kiuno bapa, asiweze kusimama wima bila kuchoka. Kwa hiyo wanaomlaza mgonjwa wamekwisha kuuchonga mgongo wake kabla kisu hakijashikwa.

Siku moja kabla, daktari wa nusukaputi, mama mwenye miwani, alikuja kuketi kitandani kwangu. Aliniambia, "Binti yangu, kesho katikati ya kazi nitakuamsha kidogo. Hutasikia maumivu. Nitakuita kwa jina, nawe uchezeshe vidole vya miguu. Haya, tujaribu." Nikavichezesha. Akaniita tena, nikavichezesha tena, mpaka akaridhika. Kipimo hicho kilielezwa mwaka 1973 na madaktari wa Ufaransa, mmoja wao Pierre Stagnara wa Lyon. Hofu yao ilikuwa ya haki: mgongo unaponyooshwa, ugwe wa fahamu ulio ndani yake hunyooshwa nao, na ukiumia mtu aweza kuamka asiyetembea. Hapakuwa na njia iliyo wazi zaidi ya kujua kuliko kumwuliza mwenyewe miguu. Leo hospitali zenye vyombo hupima kwa umeme muda wote wa kazi, na hapo ndipo ulipo mvutano ambao mimi nauona mzuri kuufikiria. Mpasuaji angependa misuli ilegee kabisa ili mgongo ukubali. Mpima neva hataki dawa ya kulegeza misuli, kwa sababu msuli uliozimwa hauwezi kujibu. Na baadhi ya dawa za usingizi zenye kuvutwa puani hufifisha majibu hayo. Daktari wa nusukaputi husimama katikati, akimpa kila mmoja kiasi.

Sikumbuki kuamshwa. Nimeambiwa kwamba niliitwa mara mbili, na vidole vyote kumi vikacheza.

Wiki sita baadaye, katika ziara ya kwanza, daktari alipachika picha nne juu ya taa ya ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya kusimama, digrii 53. Ya nne ilikuwa ya kusimama pia, imepigwa asubuhi ileile, yenye vyuma viwili na safu ya skrubu, digrii 17. Ya pili ilikuwa ile ya kujipinda. Iliyonishika macho ni ya tatu. Ilikuwa yangu, lakini sikupata kuijua. Ilipigwa nikiwa kifudifudi juu ya kiunzi, nimelala usingizi, ngozi haijaguswa. Pembe yake ilikuwa digrii 36. "Hii," alisema daktari, "ni kabla sijakata." Niliitazama kwa wivu. Mgongo ule ulikuwa umenyooka kuliko wowote niliowahi kuwa nao nikiwa macho, nao ulikuwapo kwa muda wa saa moja au mbili tu, mimi mwenyewe nikiwa sipo.

Baba, karani, aliuona upesi kuliko sisi. Alisema, "Basi katika digrii 36 ulizozipunguza, 17 zilitoka kwa meza na usingizi, na 19 kwa chuma." Daktari akamwambia kuwa ndivyo, ila jambo moja: zile 17 za meza zingerudi zote siku ya kuamka, kama chuma kisingekuwapo kuzishika. Akaongeza kwamba mpasuaji akitaka kujisifu aweza kumpiga mgonjwa picha akingali kitandani baada ya kazi, akailinganisha na picha ya kusimama ya kabla. Kitanda kitampa digrii za bure. Yeye alikuwa amengoja nisimame.

Vyuma vina gharama yake, na si ya ng'ombe tu. Pingili kumi za mgongo wangu zimeungana zikawa kitu kimoja, nazo hazibadiliki tena kwa lolote. Nikilala au nikisimama, asubuhi au jioni, sehemu hiyo ni ileile. Kiuno ndicho kilichobaki na uhuru wake wa kale. Siwezi kujikunja nikafunga kamba za viatu kama wenzangu, huweka mguu juu ya kiti. Juu ya kulala kifudifudi, sikukupenda tena.

Mimi nafundisha Kiswahili, si baiolojia. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumtambua mtoto asiyeona ubao vizuri na mtoto asiyesikia. Habari ya mgongo haikutajwa hata kwa dakika tano. Nadhani kwa sababu hiyo wanafunzi wangu wamepata kuzisikia habari hizi katika vipindi ambavyo havikuwa vyake, mathalani siku ya kufundisha maneno chali, kifudifudi na kiubavu.

Mwaka 2023 binti mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia baada ya vipindi akiwa na bahasha mbili kubwa. Mama yake alikuwa amelia tangu jana yake, kwa kuwa katika mwezi mmoja mpindo ulitoka digrii 24 ukafika digrii 32. Sikuzifungua. Nilimwuliza kwanza, "Siku ile ya mwanzo ulipigwa picha umesimama au umelala?"

Alifikiri kidogo. "Nililala, mwalimu. Ya pili ndiyo niliyosimama."

Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya bahasha moja "amelala" na juu ya nyingine "amesimama." Jumatatu mama yake alizichukua zote mbili akaenda nazo kwa daktari.